Mzee Nati na Baiskeli Zilizong'aa Kupita Kiasi

Miaka ishirini na tisa ya kufunga, kupakia, kusindikiza na kufungua baiskeli za watu wengine inakamilika tarehe 30 Juni, siku ambayo mkuu wa karakana yetu ya usafirishaji anastaafu. Jina lake la kwenye kitambulisho mnaweza kuliuliza ofisini. Sisi tuliofanya kazi naye tunamjua kama Mzee Nati, na siku hizi hata mkewe humwita hivyo anapomkasirikia.

Mhariri wa jarida hili ameniomba mimi, dereva wa lori, niandike wasifu huu, kwa sababu hakuna aliyekaa na mzee kwenye viti vya mbele safari nyingi kuliko mimi. Nilimwambia kwamba kalamu yangu imezoea kuandika "upande huu juu" kwenye maboksi, basi. Akasema inatosha. Kwa hiyo mkikuta makosa humu, lawama mpelekeeni yeye.

Kwa wenzetu wa ghorofani, wasioshuka karakanani kwa kuogopea nguo zao, nieleze kidogo. Kampuni yetu hupeleka vikundi vya waendesha baiskeli kutembea nchi za nje. Watu huenda kwa ndege, baiskeli zao hutangulia kwa lori. Kila baiskeli hutolewa pedeli na gurudumu la mbele, usukani hugeuzwa ukalala na fremu, matairi hupunguzwa upepo, kisha mwili mzima huvishwa sponji na kuingizwa kwenye boksi. Tukifika huko tunaiunganisha upya, na mwenyewe akitua anaikuta imesimama inamngoja. Mtu aliyezoea baiskeli yake hataki ya kukodi, kama vile hakuna anayetaka kwenda harusini na viatu vya jirani.

Mzee hakuja kwetu kama fundi. Alikuja kama kibarua wa kubeba maboksi, kazi ya siku mbili, kwa kuwa Mungu alimpa mabega. Boksi la kwanza alilolinyanyua lilifumuka chini, na baiskeli ya daktari mmoja ikamwagika sakafuni. Kibarua mwingine angeomba radhi. Yeye alikasirika. Aliuliza, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, ni nani huyo anayefunga baiskeli kama anafunga karanga. Aliyeifunga alikuwa mkuu wa karakana wa wakati ule, tena alikuwa amesimama nyuma yake. Waligombana, wakapatana, wakalifunga upya lile boksi pamoja, na zile siku mbili ndizo hizi zinazokwisha sasa.

Jina la Nati alijipatia mwenyewe. Hawezi kuiona nati sakafuni akaipita. Huinama, huifuta kwa kidole gumba, huitia mfukoni. Mkewe anasema katika ndoa yao hajapata kuloweka suruali ya mumewe bila kwanza kuikung'uta kama zulia, na kwamba iko nati moja iliyomponyoka ikaziba bomba la bafuni kwa wiki nzima. Watoto wao walijifunza kuhesabu kwa nati. Bintiye mkubwa leo ni mhasibu, na mzee anasema sifa zote apewe yeye, mwalimu asijisumbue.

Hakuwa bosi mwepesi, nisiwadanganye. Kila mgeni wa karakana alipewa spana na kuambiwa afungue pedeli ya kushoto. Pedeli ya kushoto hufunguka kinyume na ya kulia, nalo ni neno ambalo mzee hakulitamka. Mgeni alisukuma, akatokwa na jasho, akamwita mama yake, huku mzee akinywa chai pembeni na kumpa pole kwa heshima zote. Alitaka kuona mtu akishindwa atafanya nini: ataipiga nyundo, ataondoka, au atauliza. Waliouliza ndio waliobaki. Mimi nilivunja spana, ndiyo maana nikapewa lori.

Kamba iliyofungwa ovyo ilimuudhi kuliko tusi. Mara moja aliwafanya wenzetu wafungue mzigo mzima uliokwisha kupakiwa kwa sababu alisikia kitu kinacheza ndani ya boksi mojawapo. Ilikuwa kengele. Walinung'unika mpaka wakachoka, naye akawasaidia kupakia upya akiimba. Wengi husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa mzee, mzigo wa mwenzio ndio uliokuwa mzito, maana ukivunjika huna la kumwambia mwenyewe.

Lakini sheria yake kubwa kuliko zote ilikuwa mkoba mtupu. Chini ya kiti cha baiskeli nyingi kuna kimkoba cha kutilia vikorokoro, na wenyewe husahau humo mambo ya ajabu. Tumewahi kukuta yai la kuchemsha. Tumewahi kukuta ndizi iliyoiva ikapitiliza, ikawa imesafiri kwenye joto na kuwanukia majirani zake wote. Tumekuta funguo za nyumba ya bwana mmoja ambaye saa hiyo hiyo alikuwa nje ya mlango wake akibishana na mkewe nani amezipoteza. Tangu ile ndizi, hakuna boksi lililofungwa kabla mzee hajatia vidole vyake ndani ya kimkoba na kutangaza: mtupu. Alijivunia jambo hilo kuliko mshahara.

Sasa nifike pale nilipotaka kufika. Mwaka juzi mambo yalituharibikia. Kikundi kimoja kilifanya mazoezi kwenye njia za tope siku moja kabla ya kufunga, nasi tukazifunga baiskeli vilevile zilivyokuja. Nchi tuliyokuwa tukienda haitaki udongo wa wageni. Wanasema huwaletea wadudu na magonjwa ya mimea. Wakaguzi wao walichungulia matairi, wakaona tope, wakazuia mzigo wote mpaka ziara ikaisha. Wateja waliendesha baiskeli za kukodi. Mama mmoja alirudi magoti yamevimba kwa sababu ya kiti kilichokataa kushuka, na malalamiko yake yalianzia kwa mlinzi wa getini, yakapanda ngazi moja moja hadi kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi akakata shauri. Karakana ifungwe, wateja wawe wanakodi huko huko. Watu sita tungekwenda nyumbani, nami nikiwa mmoja wao, nina mama mgonjwa na watoto wanaokula kama wamelipwa. Mzee Nati yeye hakuwa na cha kupoteza. Tarehe yake ya kustaafu ilishaonekana kwa macho na mafao yake yalikuwa salama. Angeweza kunyamaza, akangoja kuagwa kwa saa ya ukutani na kipande cha keki. Badala yake alipiga moyo konde, akapanda ghorofani na aproni yake ya grisi, akaketi mbele ya mkurugenzi na kuomba safari moja tu. Baiskeli zikifika kwa wakati, karakana ibaki. Zisipofika, mlango ataufunga yeye kwa mkono wake, asisumbuliwe mtu mwingine. Mkurugenzi alikubali. Nadhani kilichomsaidia mzee ni kwamba kile kiti alichokalia kilikuwa cha kitambaa cheupe, na mkurugenzi alitaka sana ainuke.

Safari yenyewe ilikuwa ya walimu ishirini na wanne, wengine wastaafu, wanakwenda nchi ile ile ya wasiotaka udongo. Mkongwe wao alikuwa mwalimu wa jiografia mwenye miaka sabini na kitu, aliyetangaza kwamba milima ya huko ameifundisha maisha yake yote bila kuiona, na safari hii magoti yake yakikataa atayakemea.

Jamani, tuliziosha. Mzee alinunua miswaki, mmoja kwa kila mtu, tukawa tunapiga mswaki cheni kama meno ya mtoto wa kwanza. Spoki moja moja. Chini ya fremu, ndani ya breki, mahali ambapo hata kiwandani hawakupagusa. Matairi yenye mikunjo ya kushika udongo tuliyabadilisha, tukaweka mapya. Kisha tukapaka nta, tukang'arisha mpaka ukiinama unajiona umenenepa. Duka moja la baiskeli likatupa maboksi mapya mazuri, yenye picha ya baiskeli mpya ubavuni. Mzee aliyazunguka yale maboksi mikono kiunoni, akasema akifa kesho tusilie. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri zaidi ya hapo. Sisi adui yetu alikuwa tope, na tope tulikuwa tumelimaliza.

Mpakani tulifika mapema, mimi na mzee. Wakaguzi wa mimea walikuja na tochi zao, wakapekua, wakapangusa kwa vitambaa vyeupe, vitambaa vikabaki vyeupe. Mmoja akamwita mwenzake aje aone. Walitupa mkono wa hongera. Mzee alitembea kwenda dirisha la forodha kama bwana harusi.

Afisa wa forodha alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Alitazama boksi lenye picha. Alitazama tairi jipya. Alipitisha kidole kwenye fremu inayometa, akauliza bidhaa hizi zinakwenda duka gani. Mzee akamwambia si bidhaa, mama, ni baiskeli za watu, zimetumika. Mama akauliza zimetumika wapi, mbona hazina hata vumbi. Mzee akasema tumeziosha. Mama akasema kwa upole kwamba wafanyabiashara wote humwambia hivyo, ila hakuna aliyewahi kuosha hadi tairi likaota vinyweleo. Tairi jipya huwa na vile vinyweleo vya mpira, nasi tulikuwa tumeviacha.

Hapo ndipo nilipoona mzee amekwama. Alimwonyesha mkwaruzo, mama akasema mizigo hukwaruzana njiani. Alimwonyesha kiti kilichobonyea. Kwa nta tuliyopaka, kubonyea kwenyewe kulionekana ni mtindo. Uchafu wote ambao ungetutetea tulikuwa tumeumwaga kwa mikono yetu kwenye mfereji wa nyuma ya karakana. Mama alisema mzigo utabaki bohari mpaka wenyewe waje mmoja mmoja kudai chao. Wenyewe walikuwa wanapanda ndege kesho yake kwenda mji ulio mwendo wa siku nzima kutoka pale, na ziara yao ilikuwa ya juma moja. Kuwaleta mpakani ilikuwa sawa na kuizika.

Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliniambia kwamba anajua nyumba zetu sita zote, anajua nani analipa kodi na nani ana mtoto shuleni, na kwamba amezisugua zote kwa mswaki mpaka zimetoka. Na mimi nilikuwa nafikiria nitamwambia nini mama yangu.

Yule afisa, kwa haki yake, hakuwa mtu wa kukomoa. Alisema ataangalia vimkoba. Mtu haachi kusahau kitu chake, hata kipande cha karatasi ya pipi. Mzee, kwa mazoea ya miaka yote ile, akainua kichwa na kusema kwa fahari kwamba asijisumbue, hatakuta kitu, vyote vitupu, amevikagua mwenyewe. Nilimkanyaga mguu. Nilichelewa. Mama alifungua cha kwanza, kitupu. Cha pili, kitupu. Kila kimkoba kilivyozidi kuwa kitupu ndivyo duka lilivyozidi kuonekana, na mzee kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anaomba mama akute yai.

Tulikuwa tumeshavuka nusu ya mzigo mama alipofika kwenye baiskeli ya mwalimu wa jiografia. Alitia vidole, akatoa leso iliyokunjwa, akaifunua kiganjani. Kisha akapiga yowe lililowatoa maafisa wote ofisini, wengine na vikombe vya chai mkononi.

Yalikuwa meno. Seti nzima ya juu, ya bandia, na ufizi wake wa waridi, yametulia kwenye leso yakitucheka.

Walikimbilia pale wakidhani ameumwa na nyoka. Walipoona, mmoja alicheka hadi akaweka kikombe chini. Mama alivaa miwani yake, akayakagua meno kwa makini ya kazi, akasema katika miaka yake yote mpakani ameona watu wakificha mengi kwenye baiskeli za kuuza, lakini mfanyabiashara anayekuongezea na meno bado hajazaliwa. Akauliza mwenyewe ana umri gani. Nikamwambia. Akauliza atakula nini bila meno haya. Nikamwambia hayo ni ya akiba. Akasema basi ni mtu mwenye mipango, akamkabidhi mzee meno kwa mikono miwili, akatugongea mhuri.

Mzee hakucheka. Alikwenda nyuma ya lori na dumu la maji, akanawa uso kwa muda mrefu kuliko uso unavyohitaji. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni upepo. Hapakuwa na upepo. Tuliendesha maili nyingi, halafu ghafla akaanza kucheka, akacheka mpaka nikasimamisha lori, nami nikacheka naye, tukawa pale kando ya barabara watu wazima wawili tunajifuta machozi kwa matambara ya grisi. Sijawahi kushusha pumzi kama siku ile.

Imebaki kesi moja ambayo karakana imeshindwa kuiamua. Mzee anashikilia kwamba kimkoba kile alikikagua, kikawa kitupu, na mwalimu alirudi kuyatia meno wakati sisi tunakunywa chai. Mwalimu anaapa kwamba aliileta baiskeli meno yakiwa humo humo, na hakurudi. Ikiwa mwalimu anasema kweli, basi katika miaka ishirini na tisa mzee alipitiwa mara moja, na mara hiyo moja ndiyo iliyotuokoa. Mzee hataki kulisikia hilo. Wenzangu wanne wako upande wa mwalimu.

Walimu waliposhuka, baiskeli zao zilikuwa zimejipanga ukutani, upepo umejaa, viti kila kimoja kwenye kimo cha mwenyewe. Mwalimu wa jiografia aliuliza meno kabla ya kuuliza baiskeli. Juma zima hakuna aliyekodi, hakuna goti lililovimba, na mlima wa mwisho mkongwe wao aliupanda wote, akisimama kila kona kuwafundisha wenzake waliouona kabla yake jinsi ulivyotokea. Tuliporudi, mkurugenzi alishuka karakanani mwenyewe, jambo tusilolizoea, akatuambia karakana inabaki na vikundi vitatu vimeshajiandikisha kwa msimu ujao. Tulipiga makofi. Mzee alimsihi asikalie benchi letu la grisi. Alikuwa ameshalikalia.

Sasa mzee niseme na wewe, maana najua unasoma. Juma la mwisho ulichukua likizo iliyobaki, ukasema unapumzika nyumbani. Jumatatu asubuhi ulikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha magazeti, umejifanya unangoja mtu. Tulikuona. Tulikubaliana tusikupungie. Ulituhesabu kwa kidole tulivyokuwa tukifika, na mwenzetu, dada anayechukua nafasi yako, alipochelewa, ulitoka nje ya kibanda kabisa, ukanyoosha shingo kutazama njia. Akaja mbio. Akapandisha mlango wa bati. Ukamhesabu wa sita, ukapangusa mikono kwenye suruali kama mtu aliyemaliza kufunga boksi, ukaenda zako nyumbani bila kugeuka.

Sisi sita tunakushukuru, na nyumba zetu sita zinakushukuru. Kaa na mama watoto kwa amani, lala usingizi wa mtu ambaye hana mzigo njiani, na miaka yako iwe mingi na mepesi. Mlango uko wazi, mzee wetu. Tuliufungua wenyewe, na uliona.